Kambale Nkunga: Mayai si tatizo, baridi ndiyo inayokula faida

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo Serikali iliisitisha Aprili 2023 na kuirejesha mwaka 2024, imerudisha mjadala kuhusu miradi gani midogo inafaa kuombewa fedha na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa wilaya kama Rungwe, yenye mvua nyingi na samadi ya ng'ombe wa maziwa, ufugaji wa samaki haukosi kutajwa. Na ndani ya ufugaji huo kuna wazo linalowavutia zaidi wenye mtaji mdogo wasio na eneo la kuchimba bwawa: kuangua mayai ya kambale ndani ya nyumba, kwenye tangi la kioo, kisha kuuza vifaranga.

Wazo lina mantiki. Wenye mabwawa ya perege wanaijua kero ya samaki hao kuzaana kupita kiasi, hadi bwawa linajaa samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto ambao hawauziki. Kambale wachache wakitiwa humo baada ya perege kukua, huwala vifaranga wa ziada na perege waliobaki hupata nafasi ya kunenepa. Kambale mwenyewe hazai kwa urahisi bwawani. Katika mazingira yake husubiri mvua na mafuriko ndipo atage kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Hivyo mwenye bwawa hulazimika kununua vifaranga, na vituo vya Serikali viko mbali. Kingolwira kipo Morogoro, Ruhila kipo Songea, na kutoka Songea hadi Nkunga ni zaidi ya kilomita 400 za kusafirisha viumbe hai ndani ya mifuko ya oksijeni.

Mahali penye wanunuzi na pasipo na mzalishaji wa karibu, pana nafasi ya biashara. Swali ni kama hali ya hewa ya Nkunga inairuhusu biashara hiyo.

Tangi dogo, mayai mengi

Hesabu ya kwanza ambayo wengi huikosea ni ya wingi. Gramu moja ya mayai ya kambale ina mayai kama 600 hadi 700, na jike aliyekomaa vizuri hutoa mayai yenye uzito wa karibu asilimia 10 ya mwili wake, wakati mwingine zaidi. Jike mmoja wa kilo moja anatoa mayai 60,000. Tangi lenye urefu wa mita moja, upana wa nusu mita na kina cha maji cha sentimita 40 linachukua lita 200. Kwa tangi la nyumbani lisilo na maji yanayopita muda wote, vifaranga 20 kwa lita moja wanatosha kabisa, yaani vifaranga 4,000.

Mayai mengine 56,000 yakilazimishwa humo hayawi mtaji. Huoza, huota ukungu mweupe kama pamba, na ukungu huo huhamia kwenye mayai mazima yaliyo jirani. Ikumbukwe pia kwamba ili kupata mayai hayo jike huchomwa sindano ya homoni au ya tezi iliyotolewa kwenye kichwa cha kambale mwingine, na dume huchinjwa ili kupata mbegu zake. Gharama hiyo ni ileile, yaanguliwe mayai 4,000 au 60,000. Kwa mtu mmoja mwenye tangi moja, kutagisha samaki nyumbani ni kupoteza fedha. Kaya 10 zikigawana mayai ya jike mmoja, au mtu akinunua vifaranga walioanguliwa tayari, hesabu inabadilika.

Matunzo yenyewe si magumu kuelezeka. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa yakae saa 24 wazi kabla ya kutumika. Mayai yananata, hivyo hutandazwa safu moja tu juu ya kipande cha chandarua safi, huku pampu ndogo ikipuliza hewa. Yaliyogeuka meupe yamekufa na yaondolewe. Baada ya kuanguliwa, chandarua hutolewa polepole pamoja na mabaki yake, na tangi hufunikwa kwa sababu vifaranga hawa hupenda giza. Kwa siku kama tatu hawahitaji kulishwa. Wanaishi kwa kiini walichozaliwa nacho. Anayewamwagia chakula siku ya kwanza anachafua maji bure.

Bei ya joto

Ugumu uko kwenye joto. Takwimu zinazotumika katika vituo vya kuzalisha kambale zinaonyesha kuwa kwenye maji ya nyuzi 25 za Sentigredi mayai huanguliwa kwa takriban saa 27, wakati kwenye nyuzi 20 huchukua takriban saa 57. Saa 30 za ziada ni muda ambao ukungu unafanya kazi na yai halifanyi. Tukuyu mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyelala Rungwe mwezi Juni au Julai hahitaji kipimajoto kujua kwamba maji ya ndani hayafiki hata nyuzi hizo 20.

Kwa hiyo tangi litahitaji hita. Kwa lita 200, hita ya wati 200 ikiwaka nusu ya siku hutumia uniti 2.4 kwa siku, karibu uniti 50 kwa wiki tatu. Kwa mteja wa LUKU aliye katika kundi la matumizi madogo, ambalo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, tangi hilo linaweza kumtoa kwenye kundi na kumpandishia bei ya umeme wa nyumba nzima. Gharama hii haionekani kwenye maandiko ya miradi. Kuzungushia tangi sponji la godoro kuukuu na kulifunika juu hupunguza upotevu wa joto. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa lisitumike hata kwa usiku mmoja, kwani hewa yake huua watu kabla ya samaki.

Umeme ukikatika, hatari ya kwanza ni hewa. Kambale mkubwa anajulikana kwa kuvuta hewa juu ya maji na kustahimili tope, lakini kifaranga hana kiungo hicho katika wiki zake mbili za mwanzo. Pampu ikisimama usiku na tangi limejaa, asubuhi hakuna cha kuuza. Pampu ya betri ni sehemu ya mtaji wa lazima.

Chakula nacho kina lake. Artemia wa kopo ni bora lakini ni ghali. Hapa Nkunga ina unafuu: vijidudu vya majini hukuzwa kwenye pipa lenye maji na samadi kidogo, wakachotwa kwa kitambaa. Kiini cha yai la kuchemsha hutumika pia, ila kikizidi maji huharibika ndani ya saa chache. Baada ya wiki mbili unga laini wa dagaa huingia, na hapo ndipo vifaranga waliotangulia kukua huanza kuwala wenzao. Asiyewachambua kwa ukubwa kila baada ya siku chache atabaki na wachache wanene.

Tuchukulie mfano. Kaya imepata vifaranga 4,000, na gharama zote za umeme, chakula na usafiri hadi kuuza ni Sh160,000. Wakipona asilimia 10, kila kifaranga amegharimu Sh400. Wakipona asilimia 40, amegharimu Sh100. Tangi, mbegu na kazi ni vilevile. Tofauti ya kupata au kukosa soko imo katika idadi ya waliopona.

Kuna njia nyingine ambayo vikundi havijaipa uzito unaostahili. Uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Kyela ni mwendo mfupi wa gari kutoka Tukuyu. Joto ambalo Nkunga hulipiwa kwenye LUKU, Kyela ni la bure. Kikundi chenye mwanachama au ndugu huko chini kinaweza kuangulia huko na kupandisha vifaranga wa wiki nne au tano, ambao tayari wanavuta hewa na kustahimili safari. Wanaotaka kubaki na tangi nyumbani Nkunga wangefaa kuanza Oktoba au Novemba, si katikati ya mwaka. Wamweleze mnunuzi wazi pia kwamba kambale kwenye bwawa la baridi hukua polepole, maana mteja aliyeahidiwa miezi sita hatarudi.

Vifaranga waliokosa soko wasimwagwe kwenye mito wala maziwa ya volkano ya Rungwe. Ziwa dogo la Chungururu lina aina ya perege isiyopatikana kiasili mahali pengine popote duniani, na kambale ni mlaji asiyechagua. Kuhamisha samaki hai kutoka eneo moja kwenda jingine kunahitaji kwanza kumwona afisa uvuvi wa halmashauri, ambaye pia ndiye wa kuulizwa mbegu inatoka wapi.

Mkopo wa halmashauri hauna riba, lakini una tarehe za marejesho. Kikundi kitakachopokea fedha Mei na kujaza tangi Juni kitaanza kulipa kabla ya kuuza kifaranga hata mmoja.