Kabla Hujaicheka Shule, Uliza Ina Walimu Wangapi

Makamanda, kila Januari matokeo ya kidato cha nne yakitoka, magrupu yetu ya WhatsApp yanageuka kijiwe cha ubishi. Shule hii ina ziro ngapi, ile ina divisheni wani ngapi. Tangu 2023 NECTA haitangazi tena shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti yake, kwa hiyo ligi tunaipanga wenyewe.

Mimi ni zao la shule ya kata na sioni aibu. Kwetu zipo mbili: moja iko barabarani, nyingine ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Binamu yangu alipangiwa ya barabarani, mimi ile ya mbali. Ada hatukulipa, ilifutwa kuanzia 2016, na hilo tuwe wakweli. Lakini yeye alikuwa na mwalimu wa fizikia. Sisi tulikuwa na notisi za binamu yangu, tunazinakili Jumamosi. Hesabu alitufundisha kaka mmoja wa kujitolea aliyemaliza kidato cha sita. Alipopata chuo akaondoka, basi.

Matokeo yalipotoka, mtaani wakasema watoto wa kule ni wavivu. Mvivu anaamka saa kumi alfajiri? Mimi nilipona kwa masomo ya sanaa. Rafiki yangu aliyetaka unesi leo anauza mitumba. Najua wapo watakaosema juhudi ni za mwanafunzi mwenyewe. Sawa, ila juhudi haziingii darasani kufundisha.

Sasa niongee kisheria kidogo. Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka serikali ifanye jitihada watu wote wapate fursa sawa na za kutosha za elimu. Mwaka wa kwanza niliisoma nikafurahi, mpaka nilipokutana na ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo huwezi kuyadai mahakamani. Yaani ahadi imeandikwa, na mlango wa kuidai umefungwa. Ndiyo maana tukisema Katiba mpya tunazungumzia mwalimu wa fizikia, siyo vyeo vya wanasiasa.

Lakini tusikae tukisubiri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu wewe raia kuomba taarifa ofisi ya umma, nao wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Mwandikie mkurugenzi wa halmashauri yako. Muulize kila sekondari ya serikali ina wanafunzi wangapi, walimu wangapi, na wa masomo gani. Majibu tuyaweke kando ya matokeo, shule kwa shule. Hapo ndipo tutajua aliyefeli ni mtoto au ni aliyegawa walimu.

Barua yangu nimeipeleka Jumatatu na nakala yake imegongwa muhuri. Ya kwako lini?