Jeraha la Kazi Lisilotoa Damu

Katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita hakuna mzazi asiyejua hatari ya mgodi. Mwaka 2015 wachimbaji 5 wa Nyangalata, Kahama, walitolewa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41, na kila mtu alielewa kwamba wanahitaji matibabu. Lakini kijana akienda mji mgeni kufanya kazi ya mtandao, twasema amepata kazi safi: hana vumbi wala zebaki. Twaona fikra hiyo yafaa ipimwe upya.

Mfano upo Nairobi. Tangu mwaka 2019 kampuni ya Sama iliajiri vijana wa Kenya, na wengine kutoka Ethiopia, Uganda, Afrika Kusini na kwingineko, kukagua yanayotumwa katika Facebook. Walitazama video za mauaji, ubakaji na mateso ya watoto, kisha wakaamua zipi ziondolewe, ili sisi wengine tusizione. Wengi walikuwa wageni mjini, na mkataba uliwataka kutunza siri. Hata walipopiga simu nyumbani, hawakuwa huru kueleza walichokiona.

Mwaka 2022 Daniel Motaung, mmoja wao, alifungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na Meta, kampuni yenye Facebook. Mwaka 2023 wenzake zaidi ya 180 walifungua kesi nyingine. Desemba 2024 ilitangazwa kwamba Daktari Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, amewapima na kuwakuta zaidi ya 140 na ugonjwa wa akili unaofuata mambo ya kutisha.

Ugonjwa huu ni nini? Akili ya mgonjwa huendelea kulinda mlango ingawa hatari imekwisha. Huota ndoto za kutisha, hukosa usingizi, hushtuka kwa kelele ndogo, hujitenga, hukasirika upesi. Wengine hukimbilia pombe. Madaktari wanakubali kwamba huweza kumpata hata aliyeona kwa picha tu, iwapo kuona huko ndiyo kazi yake. Tangu mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani limeuweka katika orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi.

Basi tusimwite kijana wa namna hiyo mvivu au mlevi, wala tusikimbilie kusema amerogwa. Ameumia kazini, kama aliyeangukiwa na jiwe.

Wengine watasema kazi ni haba, aliyeipata ashukuru. Ni kweli kazi ni haba. Lakini hakuna anayemshukuru mwenye mgodi anayeshusha watu shimoni bila kofia ngumu. Anayemlipa mtu atazame maovu kutwa nzima hana budi kumpa mapumziko, mshauri wa kweli na matibabu.

Kwa familia twashauri haya:

1. Kabla kijana hajatia sahihi, asome mkataba wote na aulize atatazama nini. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na siku ya kupumzika.

2. Apigapo simu, tuulize kwanza analala vipi na anakula na nani. Habari za fedha zifuate.

3. Asaidiwe kupata watu huko aliko: jumuiya, kwaya, ndugu wa mbali. Upweke huzidisha ugonjwa.

4. Dalili zikidumu zaidi ya mwezi mmoja, aende hospitali. Huku kwetu, Bugando, Mwanza, ina idara ya magonjwa ya akili. Akitaja kutaka kufa, asiachwe peke yake, apelekwe siku ileile.

Ugonjwa huu una tiba, na wengi hupata nafuu. Mgonjwa akisema hawezi tena kazi ile, tumpokee nyumbani bila kumsimanga.