Anza na Demio, Bugatti haitoroki

Jumamosi mchana ingia banda lolote la gemu pale Kawangware 46, au Olympic kule Kibera. Upande mmoja ni mpira, kelele tupu. Upande wa pili kuna jamaa ameshika pedi, amelipa pesa yake, na katika mbio zake za kwanza kabisa amechagua Bugatti. Kona ya kwanza, ukutani. Kona ya pili, ukutani tena. Muda unaisha akipiga rivasi.

Kama jamaa huyo ni wewe, tusikilizane. Hiyo pesa ilikuwa ya chapo madondo.

Gran Turismo 7, iliyotoka 2022, haikupi Bugatti ukianza. Inakuambia uchague kati ya Mazda Demio, Honda Fit na Toyota Aqua. Ndiyo, Demio zile zile unazoziona kwenye foleni ya Naivasha Road! Shida ya banda ni kwamba mwenye mashine ameshacheza miezi, gereji yake imejaa, na wewe mgeni unaruka darasa hilo bila kujua lilikuwepo.

Na ni darasa muhimu. Gari la kasi hukuficha kosa: umeharibu kona, unafinya mafuta, injini inakutoa. Demio haina huruma hiyo. Ukiingia kona kwa pupa, pua ya gari inakataa kukunja, inateleza nje, na mwendo ulioupoteza hapo utaulilia mpaka mwisho wa barabara iliyonyooka. Kwa hivyo unalazimika kujifunza: finya breki gari likiwa bado limenyooka, ingia kutoka upande wa nje, gusa ndani, kisha liache litoke lenyewe. Muda upo wa kuona ulichokosea. Kwa Bugatti, ukishangaa tu umefika ukutani.

Hata kwenye magari ya kweli ni hivyo. McRae Kimathi alipokwenda kushindana kwenye theluji ya Uswidi mwaka 2022, aliendesha Ford Fiesta ya Rally3 kwenye daraja la vijana, si Rally1 za akina Sébastien Loeb. Hakuna aliyemwita mshamba.

Nanyi wenye mabanda, mnachangia. Kufungua akaunti mpya kwa anayeanza hakuwagharimu hata shilingi. Chukueni chaki, andikeni ukutani muda bora wa Demio wa wiki hiyo, muone kama watoto hawatarudi. (Wale wa kubishana kuhusu Arsenal nao watapata kitu kipya cha kubishania.)

Kwa hivyo Jumamosi hii omba Demio. Piga mizunguko mitano bila kugusa ukuta, ndipo uanze kutafuta kasi. Watakucheka, najua. Mwambie anayecheka zaidi ashike pedi, gari lilo hilo, mlinganishe muda.