Redio ya amateri: ufundi ni mzuri, kibali kwanza

Mashariki mwa Kongo kuna vijiji ambako simu haishiki mtandao, na foni ndiyo inaomba msaada. Basi kijana fundi anayejifunza redio nyumbani anastahili kutiwa moyo.

Lakini kuna mpaka. Kupanga chaneli kwa kompyuta na waya ni kazi ya kawaida ya amateri. Kuondoa dayodi ndani ya redio ya gari ili itume nje ya megaherzi 144 hadi 146 ni jambo lingine. Huko nje kuna wenyewe: 156,8, kwa mfano, ndiyo meli zinatumia duniani kuita wakati wa hatari. Anayezungumza pale anaweza kufunika sauti ya mtu anayezama. Tena, katika eneo la vita, mwenye redio bila karatasi anadhaniwa haraka kuwa mpelelezi.

Kukataza tu hakutoshi. Kongo ina alama yake ya maamateri, 9Q. ARPTC, inayosimamia mawasiliano, ieleze kwa Kiswahili njia ya kupata kibali, kwa bei ambayo kijana anaweza kulipa. Fundi mwenye kibali ni msaada kwa kijiji chake. Anayejificha ni hatari kwake mwenyewe na kwa wengine.