UJUZI NAO NI MAZAO

Tangu zamani katika visiwa vyetu mtu akitaka kujua jambo la shamba humwendea mzee, akaketi naye barazani, akajibiwa bure. Desturi hiyo ni njema, wala hatutaki ife. Lakini twaona pia mzee aliyekaa na mikarafuu miaka arobaini akiitwa mashamba ya mbali, akapoteza siku tatu, nauli akajitolea mwenyewe, akarudi na ahsante. Safari ya pili hutoa udhuru. Hapo ndipo ujuzi unapopotea.

Rai yetu ni hii: swali la barazani libaki bure, bali kazi ya siku nzima katika shamba la mtu ilipwe. Mchumaji hulipwa, mpandaji hulipwa; kwa nini anayejua alipwe dua tu?

Tena ujuzi huu si mdogo. Mbegu ya mkarafuu haikai. Ikicheleweshwa kupandwa hufa. Mche wataka kivuli, na mti hungojewa miaka 6 hata 8 kabla ya kuzaa, basi aliyekosea mwanzo huliona kosa lake muda umekwisha kupita. Matawi yakivunjwa ovyo wakati wa kuchuma, maradhi ya kukausha matawi huingilia jeraha lile. Karafuu mbichi zikirundikwa huchacha, zikakauka zimesinyaa na kupauka, na daraja ikashuka. Neno moja la mapema laweza kuokoa zaidi ya ujira wake.

Lakini aliyekusudia kazi hii ajue kuwa kulima vyema ni jambo moja, na kumshauri mwenzio ni jambo jingine. Kwanza, achague analolijua hasa: fundi wa kuanika asijifanye tabibu wa miti. Pili, mapatano yafanywe kabla ya safari: siku ngapi, ujira kiasi gani, nauli ya nani. Tatu, alikague shamba kabla hajasema, kwani udongo wa bondeni si wa kilimani. Nne, aliyoyasema yaandikwe, yasije yakageuzwa. Tano, asimuuzie miche yule anayemshauri. Mwenye miche ya kuuza huona kila shamba lataka miche. Na mti ukifa ghafla naye asijue sababu, aseme "Sijui," ampeleke mwenye shamba kwa Bwana Shamba. Neno hilo halimpunguzii heshima.

Wapo watakaosema kuwa ujira utavunja ujirani. Sisi twaona kivunjacho ujirani ni kumtumia mtu pasipo kumjali. Na wenye mashamba madogo wanaweza kuchanga pamoja, siku moja ya mshauri ikawatosha wote.

Twaomba mkutano ujao ulizungumze jambo hili, na chama kifungue daftari la majina ya wajuzi, kila mmoja na alijualo. Jungu kuu halikosi ukoko. Lakini ukoko usipopakuliwa mapema, humwagwa pamoja na maji ya kuoshea.