London 2012: kanuni mbovu nayo ilistahili adhabu

Mashabiki walizomea jijini London, Julai 31, 2012. Katika badminton ya wanawake wawili wawili, wachezaji walipiga kwenye wavu makusudi: walitaka kufungwa ili wakwepe wapinzani wakali katika hatua ya mtoano. Kesho yake timu nne zilifukuzwa: mbili za Korea Kusini, moja ya China, moja ya Indonesia.

Adhabu ilikuwa ya haki, lakini haikugusa mzizi. Mpangilio wa makundi ndio uliofanya kufungwa kuwe na faida. Baadaye shirikisho la dunia liliubadilisha.

Greysia Polii, mmoja wa waliofukuzwa, alitwaa dhahabu Tokyo 2021 pamoja na Apriyani Rahayu. Mchezaji akikosea, aadhibiwe. Kanuni ikiwa mbovu, irekebishwe kabla ya mashindano.