Waraka wa wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Amidi ajaye wa Elimu

Ndugu Makamu Mkuu wa Chuo,

Tangazo lenu la kumtafuta Amidi wa Shule Kuu ya Elimu limenifikia. Mnataka shahada ya uzamivu, cheo kisichopungua Mhadhiri Mwandamizi, machapisho, na uzoefu wa kusimamia miradi. Nimelisoma mpaka mwisho nikitafuta mstari unaomuuliza mwombaji mara ya mwisho alishika chaki lini. Haumo.

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya kata inayopokea wanafunzi wa mazoezi ya kufundisha kutoka vyuo mbalimbali. Vijana hawa wanaweza kueleza nadharia za mwanasaikolojia Piaget bila kusita, na andalio la somo wanaliandika vizuri kuliko baadhi yetu. Kinachowashinda ni kidato cha pili chenye watoto themanini, madawati hamsini na vitabu kumi na viwili. Siwalaumu. Hata mtathmini anayetumwa kuwakagua huingia asubuhi, akaketi nusu kipindi, akajaza fomu ya ukaguzi wa kwanza pamoja na ya pili, akaondoka kwa sababu gari linamsubiri na shule nyingine ziko mbele. Mwanafunzi hubaki na alama, hana ushauri.

Ndipo namkumbuka Theodore Sizer. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 31, alifanywa amidi wa shule ya elimu ya Harvard. Alipoachia kiti hicho mwaka 1972 hakwenda kutafuta kiti kikubwa zaidi. Alikwenda kuwa mkuu wa shule ya sekondari, Phillips Academy iliyoko Andover, akakaa hadi 1981. (Najua, Andover ni shule ya bweni ya wenye nacho. Haina uhaba wa madawati.) Baadaye alizunguka shule nyingi za Marekani, akaketi nyuma ya madarasa, na mwaka 1984 akatoa kitabu kuhusu mwalimu wa kubuni aitwaye Horace, mtu mwenye wanafunzi 120 ambaye hawezi kusahihisha insha zao zote ipasavyo, hivyo kila wiki anapima kipi akiache. Mwalimu yeyote wa Kiswahili hapa nchini angemtambua Horace mara moja, ingawa mwalimu huyo wa kwetu angetamani wanafunzi wake wawe 120 tu. Mwaka huohuo Sizer alianzisha mtandao wa shule za kujaribu mawazo yake, na uzeeni yeye na mkewe Nancy waliongoza pamoja shule moja ya umma huko Massachusetts.

Sisemi Amidi wetu ahamie kwenye nyumba ya mwalimu mkuu. Ila historia ya hapa nyumbani inatudai. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004 na shule za kata zikachipuka kila kona, walimu hawakutosha. Waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakaingizwa darasani, wananchi wakawabandika jina la “voda fasta”. Vyuo vishiriki vya Chang'ombe na Mkwawa vilizaliwa mwaka 2005 katika haraka hiyohiyo ya kutafuta walimu. Idadi imepatikana, hata sasa wapo wahitimu wengi wanaosubiri ajira. Amidi wa leo hana tena kisingizio cha haraka, hasa wakati huu mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unapomtaka mwalimu afundishe umahiri.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kabla ya usaili. Kwanza, kila mwombaji afundishe kipindi kimoja katika shule ya serikali iliyo jirani na chuo, bila kuteuliwa darasa zuri, na walimu wa shule hiyo watoe maoni yao kwa maandishi. Pili, mkataba wa Amidi umwajibishe kwa mazoezi ya kufundisha: ukaguzi wa kwanza na wa pili upishane kwa wiki mbili au zaidi, na fungu la safari za watathmini lisiwe la kwanza kukatwa bajeti inapobana.

Shule yetu iko tayari kupokea waombaji hao. Kidato cha pili B kina kipindi cha Jiografia Jumatano, saa nne na nusu.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa taaluma, shule ya kata